Mwanamke Aliyeikataa Januari Mosi

Hakuna mkunga Nakuru nzima aliyezalisha watu wengi kunishinda mimi. Niliwazalisha kwa kalamu, nimekaa kwenye kiti, ndani ya kibanda cha mabati nyuma ya stesheni ya reli, na wote niliwazalisha siku moja: tarehe mosi Januari. Wazee wenye mvi, wasichana waliovunja ungo juzi, watu na wadogo zao, wote Januari mosi. Nilichobadilisha ni mwaka tu. Mkunga wa kweli angefanya hivyo angepelekwa Mathari, hospitali ya wendawazimu.

Jina langu ni Kipkemboi. Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa karani katika ofisi ya pasi, na kama wewe hujui pasi ilikuwa kitu gani, shukuru. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakipigana na Wakikuyu waliokuwa msituni. Kila Mkikuyu aliyeishi huku kwetu, mjini au kwenye mashamba ya Wazungu, alitakiwa awe na kitabu chenye jina lake, alama ya kidole chake, siku aliyozaliwa na mahali alipozaliwa. Asiye na kitabu alikamatwa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu alifika mezani nikamuuliza jina, jina la baba na shamba alilotoka. Siku ya kuzaliwa sikuiuliza, nani alikuwa na nafasi ya hadithi? Nilimtazama uso na meno, nikamuuliza kama anawakumbuka nzige au kama alikuwa ameanza kunyoa ndevu wakati wa vita, kisha nikakata mwaka kichwani. Kuhusu mahali, Bwana Afisa, Mwingereza aliyetusimamia, alikuwa ametoa amri siku ya kwanza: andika Fort Hall, Kiambu au Nyeri, wilaya za Wakikuyu, chagua mojawapo. Hakuna Mkikuyu anayezaliwa Bonde la Ufa, alisema, hawa wamekuja kufanya kazi tu. Ukimweleza kwamba wengine wana wajukuu huku, alikukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyewazaa.

Malori nayo yalikuwa matatu, kila Ijumaa, moja la Fort Hall, moja la Kiambu, moja la Nyeri. Mwanzoni walipandishwa waliotiliwa shaka. Halafu mwezi wa Machi ikaja amri mpya, kwamba hata wanaofanya kazi kwenye maduka ya mjini warudishwe makwao. Na kwao mtu ni wapi? Ni pale nilipoandika mimi. Sajini alisoma karatasi yangu, akamwonyesha mtu lori lake.

Sijifichi, niliandika. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, nina viatu vya ngozi na saa ya mkono, na niliona kuandika ni kazi ya mkono peke yake.

Basi Jumatatu moja, mwanzoni mwa Machi hiyo, akafika mezani mwanamke mfupi mwenye mwanya, kitambaa cha kijani kichwani, kidevu kimetangulia mbele yake.

"Jina?"

"Nyakio wa Mathenge."

"Unafanya kazi wapi?"

"Kwa Mohanlal, fundi wa saa."

Januari mosi nilikuwa nimeshaiandika kabla hajafungua mdomo. Nikamtazama meno. "Wewe ni wa ishirini na tano, ama ishirini na sita?"

"Mimi ni wa tarehe sita, mwezi wa kwanza, mwaka wa ishirini na nane," akasema. "Usiku, mwezi ukiwa mkubwa, huko Kabazi, Subukia. Ni ile siku ardhi ilitingishika. Andika."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana tangu nianze kazi ile hakuna aliyewahi kunipa tarehe.

"Mama, hata mimi karani siku yangu siijui."

"Hiyo ni shida yako."

Nikaandika mwaka wa ishirini na sita, nikaandika Fort Hall, nikamgeuzia karatasi na kumsogezea kidau cha wino aweke kidole. Hakuweka. Kusoma maneno alikuwa anasoma kwa shida, lakini tarakimu alizijua kuliko mimi, kwa sababu alishinda nazo kutwa. Akazipitia moja moja.

"Hii ni moja, na mimi ni sita. Hii ni ishirini na sita, na mimi ni ishirini na nane. Na hii neno mbili si Kabazi."

"Ni Fort Hall."

"Fort Hall sijaiona hata kwa picha. Nilizaliwa aje mahali sijawahi kufika?"

Bwana Afisa akaja kuona foleni imekwama wapi. Nilipomweleza, alifurahi sana, siku yake ilikuwa imekosa kichekesho. Akamwambia Nyakio kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba yeye ni mtu wa haki: alete ushahidi kufikia Ijumaa. Asipoleta, atapanda lori la Fort Hall, kidole akipenda asipopenda. Alisema hivyo akijua vizuri kwamba hakuna ushahidi. Siku hizo waliokuwa na tarehe za kuzaliwa kwenye daftari ni watoto wa Wazungu na ng'ombe wao wa maziwa.

Nyakio hakusema asante wala hakulia. Alitoka nje, kidevu mbele vile vile.

Habari zake nyingine nilizipata baadaye, kwa vipande, kwa sababu Nyakio hasimulii kitu mpaka akasirike. Mama yake, Wangare, alikuwa kibarua kwenye shamba la Mzungu huko Kabazi. Usiku ule uchungu ulimshika akiwa peke yake kibandani. Ardhi ikaanza kunguruma, kibanda kikalala upande, naye akatambaa nje mpaka kwenye mahindi, akazaa hapo chini ya mwezi, ardhi ikiwa bado inatikisika. Wanawake waliokuja kumsaidia walimkata mtoto kitovu huku wamepiga magoti, maana kusimama kulikuwa hakuwezekani. Akaitwa Nyakio kwa jina la bibi yake, ndiyo desturi yao, lakini shambani wote walimwita Kithingithia, yaani tetemeko. Kwa jinsi ninavyomfahamu, hawakukosea.

Ukuta wa ghala la mahindi la yule Mzungu ulipasuka kutoka juu mpaka chini. Fundi aliyeuziba aliandika tarehe ya tetemeko kwa msumari kwenye saruji mbichi: 6.1.28. Nyakio alipofika miaka sita hivi, mama yake alimpeleka pale, akamshika kidole na kumpitisha ndani ya zile tarakimu. "Hii ni wewe," akamwambia. Kuanzia hapo, kila alipogombana na watoto wenzake, na aligombana nao sana, alikwenda kwenye ukuta wa ghala akatia kidole chake kwenye sita, kwenye moja, kwenye ishirini na nane, mpaka hasira ikatulia. Shule hakupelekwa. Tarakimu hizo nne ndizo zilizokuwa shule yake.

Aliolewa na Mburu, mtu wa kuchochea moto kwenye garimoshi, ambaye alifariki mwaka wa pili kwa homa ya matumbo. Shemeji akataka kumrithi. Nyakio akajitwika sufuria yake akaja Nakuru kwa miguu, akapata kazi ya kufagia kwa Mohanlal. Hakufagia muda mrefu. Mzee yule aligundua kwamba mwanamke huyu anaisikia saa inayokwenda vibaya kutoka chumba cha pili, akampa funguo. Kila asubuhi, saa moja kamili, Nyakio alizijaza saa thelathini na moja. Iliyobaki ilikuwa moja tu, saa ndefu ya ukutani yenye pendulo ya shaba, nyuma ya mlango. "Hii acha," Mohanlal alimwambia siku ya kwanza, naye akaiacha. Aliifuta vumbi tu. Mjini alijulikana kama mwanamke aliyeingia stesheni na kumwambia stesheni masta kwamba saa ya reli iko nyuma dakika nne. Stesheni masta alimfukuza, halafu akaisogeza.

Jumatano ile jioni nilikwenda kwa Mohanlal kuchukua saa yangu ya mkono iliyokuwa kwenye matengenezo. Ningejua Nyakio yuko kaunta ningetuma mtu. Nilikwenda, nikamkuta, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Mohanlal alikuwa Mhindi mwembamba, kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji la uso. Akanipima kwa macho.

"Wewe ndio karani nazaa watu yote Januari?"

Nikamwomba saa yangu.

"Kwetu mtoto nazaliwa, kwanza naandika saa," akasema. "Halafu natafuta nyota yake, ile mwezi nalala nayo hiyo siku. Jina nakuja nyuma. Kama hapana nyota, hata kuoa hapana weza. Tangu juzi mimi nafikiri, huyu mama iko na siku, iko na mahali, sasa kwa nini hapana nyota?" Akamgeukia Nyakio. "Saa ngapi? Mama yako hapana sema saa?"

"Mama hakuwa na saa," Nyakio akajibu. "Alisema nilitoka ardhi ikitingishika ile mara kubwa ya kwanza. Mwezi ulikuwa haujafika katikati ya kichwa."

Mzee akageuka kuutazama mlango. Akaweka chini koleo yake ndogo, akazunguka kaunta, akaenda nyuma ya mlango na kufungua kioo cha ile saa isiyojazwa. Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa nne na dakika thelathini na moja.

"Mimi nalala hapo juu," akasema. "Tarehe sita Januari. Nyumba nacheza, chupa naanguka, saa yote ya pendulo nasimama pamoja. Kesho yake natengeneza yote. Hii moja naacha. Hii Mungu nasimamisha, mimi nani?"

Nyakio alikuwa ameishika ile saa kila siku kwa miaka mitano. Alisogea akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo. Machozi yalimtoka, na aliyafuta kwa kitambaa kile kile cha kufutia saa, kwa hasira, kama mtu aliyemwagikiwa na maji.

Mohanlal alikuwa amekwishapanda ngazi. Alishuka na kitabu cha manjano kilichofungwa kwa uzi, kalenda ya kwao ya mwaka huo, aliyoitunza kwa sababu binti yake wa kwanza alizaliwa mwaka ule ule. Akateremsha kidole kwenye mistari, akipiga hesabu kwa kunong'ona, mara mbili. Kisha akasema: "Ardra."

Akatueleza. Ardra ni nyota nyekundu, mmiliki wake ni mungu wa dhoruba, na alama yake ni tone la chozi. "Watu yetu naogopa kidogo," akasema. "Mtoto ya nyota hii nalia sana, halafu naliza watu."

"Kulia nimemaliza," akasema Nyakio. "Hiyo ya pili ndio nataka."

Mzee akachukua karatasi, akaandika kwa lugha ya kwao na kwa Kiingereza: jina, siku, saa, dakika, Kabazi, nyota. Akagonga muhuri wa duka. Mimi nilikuwa nimesimama na saa yangu mkononi kama mjinga. Nilikuwa karani wa serikali, na mtu wa kwanza niliyemwona akiandika siku ya kuzaliwa ya mtu kama inavyotakiwa alikuwa fundi wa saa.

Jua lilikuwa limezama. Amri ya kutotembea kwa Wakikuyu ilianza saa moja, na Nyakio aliishi chumba cha uani, kwa hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni nyota. Alitaka kuiona siku hiyo hiyo. Mohanlal alitupeleka uani, akaonyesha juu kabisa, karibu na utosi: zile nyota tatu zilizopangana mstari, na upande wa kaskazini wake, moja kubwa yenye wekundu wa kaa la moto. Upepo wa ziwani ulikuwa unaleta harufu ya magadi. Nyakio alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, shingo ameikunja nyuma.

Askari wa doria akatokea nje ya ua, akachungulia juu ya mabati.

"Wewe mwanamke! Ndani!"

"Niko ndani ya uwanja ya Muhindi."

"Ndani ya nyumba, nimesema!"

"Nyumba iko na mabati juu. Hapo nyota haionekani."

Niliona rungu likipanda juu ya ua, nikafungua mdomo niseme mimi ni karani wa ofisi ya pasi, nimtetee. Hakunipa nafasi. "Kama unataka kunipeleka, nipeleke," akamwambia askari, bila kushusha macho. "Lakini ngoja nimalize. Miaka ishirini na sita iko hapo na hakuna mtu aliniambia."

Askari naye akaangalia juu. Alikaa hivyo kidogo, akitafuta kitu asichokijua, halafu akakasirika zaidi. "Dakika tano!"

"Nitajua zikiisha," akasema Nyakio. "Kuhesabu dakika ndio kazi yangu."

Askari akaenda zake. Mohanlal aliingia ndani akicheka peke yake. Nilitaka kuaga, lakini Nyakio akaniuliza, akiwa bado ameangalia juu:

"Karani, umeiona?"

"Nimeiona."

"Ile nyekundu?"

"Nimeiona, mama."

"Sawa. Ijumaa ukiandika Fort Hall, utaandika ukiwa umeiona."

Usingizi wa Alhamisi sitausimulia, maana haukuwepo.

Ijumaa malori yalikuwa yamepangwa nje tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, kuku wamefungwa miguu, vitoto vinalia. Nyakio alifika bila mzigo wowote. Alikuja na ile karatasi tu, akamkabidhi Bwana Afisa mkononi.

Bwana Afisa aliisoma mpaka mwisho. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Alimwita sajini aje aone: mwanamke ameambiwa alete ushahidi, ameleta nyota! Akamrudishia karatasi na kumwambia asijali, lori halina paa, ataiangalia njia nzima mpaka Fort Hall. Sajini alicheka kwa sababu ilikuwa kazi yake kucheka. Nyakio akasema, "Ukimaliza kucheka, huko Kabazi kuna ukuta. Enda usome."

Kicheko kikaisha. Bwana Afisa alimshika mkono, akamkandamiza kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwa nguvu kwenye karatasi ile niliyoiandika Jumatatu. Nyakio hakupinga. Alingoja mpaka kidole kimefika kwenye karatasi, halafu akaegemea kwa mwili wake wote na kukiburuta, kutoka kwenye kisanduku cha alama, juu ya Fort Hall, juu ya ishirini na sita, juu ya Januari mosi yangu, mpaka ukingoni. Palibaki mfereji mweusi. Hapakuwa na kitu cha kusomeka.

Nilidhani atapigwa, na mkono ulikuwa umekwishainuliwa. Lakini nje lori la Nyeri lilikuwa limekataa kuwaka na watu walikuwa wanaanza kushuka, sajini akawa anapiga kelele. Bwana Afisa akanitupia fomu mpya. "Andika nyingine!" Akatoka mbio.

Tukabaki wawili, mimi na yeye, na fomu nyeupe.

Hakuniomba. Ningependa kusema aliniomba, ningejisikia vizuri zaidi. Alisimama tu akiangalia kalamu. Nami nawaambia, mkono wangu kwa mazoea ulikwenda wenyewe kwenye moja, na ilibidi niukamate kwa mkono wa pili. Nikaandika: 6 Januari 1928. Nikaandika: Kabazi, Subukia. Nikamgeuzia. Akazipitia tarakimu moja moja kwa ncha ya kidole, kama alivyofundishwa na mama yake ukutani. Kisha akakipaka wino kidole gumba mwenyewe, akakiweka katikati ya kisanduku, taratibu, akakiinua. Alama ilitoka safi, mistari yote inahesabika.

Nikaitia fomu katikati ya zile arobaini za siku hiyo. Bwana Afisa alirudi, jasho linamtoka, akagonga muhuri na kutia sahihi zote arobaini bila kusoma hata moja. Ndivyo alivyofanya kila Ijumaa. Nililijua hilo tangu wiki yangu ya kwanza pale.

Sajini akasoma majina. Fort Hall, wakapanda. Kiambu, wakapanda. Nyeri, lori likawa limewaka, wakapanda. Nyakio akabaki amesimama peke yake kwenye vumbi.

"Na huyu?" akauliza Bwana Afisa.

Sajini akapekua. "Alizaliwa Subukia, bwana. Lori ya Subukia hakuna."

"Nani ameandika hivyo?"

"Sahihi ni yako, bwana."

Aliniangalia mimi. Nikamwangalia na mimi. Angeweza kuichana ile karatasi. Lakini angeichana mbele ya sajini, na sajini angejua, na ofisi nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana, kwamba Bwana Afisa hutia sahihi vitu asivyovisoma. Akamwambia Nyakio: "Toka."

Nyakio akakaza kitambaa chake. Kabla ya kutoka alichungulia saa ya ukutani ya ofisi yetu. "Hii iko nyuma dakika tatu," akasema, akaenda kazini.

Ningeweza kumalizia hapo na kujifanya mtu mwema. Lakini malori yale matatu yaliondoka, na waliokuwa ndani niliwaandika mimi. Kulikuwa na mzee wa Molo ambaye hajawahi kutoka Molo. Kulikuwa na dada wawili wa Njoro wamekumbatia cherehani. Fomu hazikuwahi kusomwa hata siku moja, na ningeweza kuandika ukweli tangu fomu ya kwanza. Sikuandika, kwa sababu hakuna aliyekataa, na mimi sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo na sitaki mtu anibembeleze.

Jumatatu iliyofuata nikaanza kuuliza. "Ulizaliwa lini, na wapi?" Kisha nikangoja. Mungu wangu, kumbe walijua! Huyu alizaliwa Jumapili ile kanisa la Bahati lilipowekwa mabati. Yule alizaliwa Rongai, kesho yake baada ya fahali wa Mzungu kumuua mchunga ng'ombe. Mwingine mvua ya kwanza baada ya nzige, kwenye zizi la kondoo huko Elburgon. Kila mtu alikuwa na siku yake ameibeba kichwani muda wote. Nikaandika kila nilichoambiwa. Foleni ikawa ndefu mpaka stesheni, na malori ya Ijumaa yakaanza kuondoka na nafasi. Mwezi wa Mei wakagundua, nikafukuzwa, na viatu vya ngozi vikaisha visigino nikitafuta kazi.

Wiki ile niliyofukuzwa nilipita kwa Mohanlal, nikamwomba anitafutie na mimi nyota yangu. Akaniuliza siku. Sikuwa nayo. Mama yangu, Jeruto, huko Ravine, alichowahi kuniambia ni kwamba ng'ombe walikuwa wamechelewa kurudi kutoka kulamba chumvi. Mzee akatikisa kichwa: bila siku, hapana nyota.

Nyakio alikuwa juu ya kistuli anajaza saa. "Kipkemboi ni kusema nini kwenu?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mtoto aliyezaliwa usiku."

"Basi usiku unao. Nyota ziko nyingi huko, chagua." Akafunga kioo cha saa, akashuka. "Lakini usikubali ya Januari mosi. Hiyo uliijaza watu wewe mwenyewe."

Mwaka wa hamsini na tisa nilikwenda kuandikishwa kazi kwenye kiwanda kimoja cha maziwa. Karani alikuwa kijana, viatu vinang'aa. Aliniuliza jina, akanitazama meno, akaandika, akanigeuzia karatasi na kunipa kalamu nitie sahihi. Niliangalia. 1 Januari 1929.

Nikaiweka kalamu chini.

"Hiyo si yangu," nikamwambia. "Andika nilizaliwa usiku, Ravine, ng'ombe wakiwa wamechelewa kurudi kutoka kulamba chumvi."

Foleni nzima ikacheka. Nikakunja mikono, nikawasubiri wamalize.